Mkwe Alininyanyua Barabarani, Sasa Nimekatazwa Kukimbia

Wasomaji wa ukurasa huu, habari zenu. Mhariri ameniahidi kulificha jina langu, maana mji wetu huu tunajuana mpaka kwa khanga. Mimi ni mama wa miaka hamsini na mbili, naishi Miyuji, Dodoma, na mume wangu. Nilikuwa mpiga chapa kwenye shirika la umma. Shirika lilipouzwa tukapunguzwa kazi, nikaingia kwenye mitumba. Sisi ni Wagogo, na naomba mlikumbuke hilo mnaposoma.

Kukaa kutwa nzima nyuma ya meza ya nguo kulininenepesha, sukari ikapanda, presha nayo ikafuata. Daktari akaniambia, "Mama, dawa nitakupa, lakini bila mazoezi ni kazi bure." Nikaanza kwa kutembea. Sukari ikawa inashuka kwa kusuasua, nikaongeza mwendo, mwisho nikajikuta nakimbia. Raba nilizitoa kwenye belo langu mwenyewe, na suruali ya michezo vilevile. Watu walinisimamisha kwa huruma wakiniuliza, "Mama, msiba uko wapi?" Kwetu mtu mzima hakimbii ovyo, akikimbia, ama kuna aliyekufa ama ng'ombe wameibwa. Mimi nawajibu, "Nawahi kuishi," napita zangu.

Nilipopimwa tena, daktari alifurahi kuliko mimi. Na nikisema ukweli wote, haikuwa sukari tu. Saa ile ya asubuhi sikuwa mke wa mtu, wala mama wa mtu, wala muuza nguo wa kubembelezwa bei. Nilikuwa mimi, napumua. Nilikuwa na furaha jamani, tena furaha ambayo sikuwa nayo hata usichanani.

Binti yangu, nimwite Neema, aliolewa na kijana ambaye kwao ni Haneti, wakapanga chumba hapahapa Miyuji. Kwa mila zetu, mama na mume wa binti yake hawaonani ana kwa ana. Wakikutana njiani mmoja anaacha njia, mama anajifunika khanga, na salamu zinapitia kwa mtu mwingine. Kugusana ndiyo kabisa, haisemeki. Tuliheshimiana hivyo, na sikuwa na neno na kijana yule.

Sasa asubuhi moja, nikiwa narudi, nilikanyaga shimo, mguu ukapinda, nikaanguka kifudifudi. Nikajaribu kuinuka, nikashindwa. Nikasikia baiskeli inafunga breki. Kuinua uso, mkwe wangu! Khanga sina, nimevaa suruali, vumbi mpaka mdomoni. Nikajifunika uso kwa viganja kama mtoto. Yule kijana akaangalia barabara huku na huku atafute mtu wa kumtuma, hakuna mtu. Kisha nikamsikia anasema, "Mama, nisamehe, nakushika."

Akaninyanyua, akanikalisha kwenye keria, akaikokota baiskeli hadi zahanati bila kunitazama hata mara moja. Pale foleni ilikuwa imejaa, na wote walituona. Nililia, na sikuwa nalilia mguu.

Habari ilifika Haneti kabla mguu haujapungua uvimbe. Wakaja mama mzazi wa mkwe wangu na shangazi yake. Shangazi ndiye aliyesema, na nakiri anajua kusema: "Ungekuwa umeanguka ukienda kuteka maji, tungelia nawe. Wewe umeanguka ukicheza. Mtoto wetu amelazimika kumbeba mkwe wake, tena mwenye suruali, kwa sababu ya mchezo!" Mume wangu, ambaye kila siku ananisifia kuwa nimerudi usichana, aliinamia chini kama anatafuta sindano iliyodondoka. Sijamsamehe bado.

Wakataka achinjwe mbuzi wa kusafisha aibu, na mimi niape mbele ya wote kwamba sitakimbia tena. Nikionekana nakimbia, watamrudisha Neema kwetu, na mtoto atakayezaliwa atabaki kwao. Neema alikuwa amesimama mlangoni na mimba yake ya kwanza, ananitazama. Ningefanyaje? Niliapa.

Sasa mguu umepona, lakini sukari imepanda kuliko mwanzo. Vidole vya miguu vinakufa ganzi. Daktari ananifokea, anadhani ni uvivu. Nikajaribu kukimbia ndani ya ua, naizunguka nyumba yangu kama kuku aliyefungwa kamba. Jirani akachungulia, akacheka, kisha akaenda kusema kwa akina Neema.

Neema alikuja jioni ile ile, anahema na tumbo lake.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu, kaa."

Hakukaa. Akasema, "Mume wangu amenituma. Anasema kama angekuacha pale barabarani, leo wangemwita mnyama. Anasema ukimbie tu, yeye atavumilia maneno." Nikashukuru Mungu kwa sauti. Neema akanikatiza, machozi yanamtoka: "Lakini mama, yeye harudishwi. Nitakayerudishwa ni mimi."

Wasomaji, msiniambie nitembee, natembea kila siku na sukari haisikii. Msiniambie nihamie mtaa mwingine, kiapo hakina mtaa. Nikikimbia, navunja nyumba ya mwanangu kwa miguu yangu mwenyewe. Nikikaa, huenda nisimfikie huyo mjukuu. Nina hasira, tena ninaona haya kuwa na hasira. Nyinyi mlioolewa, niambieni bila kunionea aibu: angekuwa ni mama yenu, mngemwambia akae, au mngemwambia akimbie?