Mbuzi wa Eddo Dahabo

Walisema sitaiona mvua. Jirani yetu mmoja kule Bura, muuza ngamia asiyengoja kuulizwa ndipo aseme, alimwambia baba mbele yangu, "Utampeleka amelala, utamrudisha amelala. Bakiza mifugo yako." Leo nina duka la dawa za mifugo mjini Garissa, na stashahada yangu ya afya ya mifugo nimeitundika mkabala na mlango ili hata asiyejua kusoma aione. Jirani huyo hununua dawa ya kupe kwangu. Huwa nampunguzia bei, lakini kwanza namwacha asimame kidogo chini ya ile fremu.

Harufu ya kiangazi kile nilichougua, nikiwa mtoto, ilikuwa ya ngozi iliyoungua. Tumbo lilikuwa limevimba upande wa kushoto, pua ilinitoka damu, na miguu ilijaa mavilio ingawa hakuna aliyenipiga. Kwetu, tumbo likivimba hivyo, mtu huchomwa kwa kijiti chenye moto ili ugonjwa utoke. Hooyo, mama yangu, alinilaza kichwa mapajani mwake akawa ananong'ona majina ya mbuzi wetu, na mimi nikayarudia baada yake nisilie. Sikulia. Nalisema kwa fahari, ingawa moto ule haukusaidia kitu. Homa ilipozidi, baba alinipeleka hospitali mjini. Daktari akasema ni saratani ya damu, inatibika, lakini Nairobi, na kwa muda mrefu.

Ikaitishwa qaaraan, mchango wa ukoo. Wanaume walikaa kwenye mikeka nje kwetu, chai ya maziwa ikizunguka, kila mmoja akitaja anachotoa. Mimi niliwekwa katikati, juu ya godoro, wanione. Baba aliuza mifugo yake yote kuongezea. Sasa hooyo na wadogo zangu wangekunywa nini sisi tukiwa Nairobi? Wanawake wakaanza kuja na mbuzi wa maziwa, wa kukopesha tu, mpaka maziwa yakauke. Eddo Dahabo, dada yake baba, mjane, alikuwa na mbuzi mmoja tu. Alimfunga karibu na godoro langu.

"Eddo, nitakurudishia," nilimwambia.

"Kwanza rudi wewe," alisema. "Mbuzi anajua njia."

Nairobi nywele zangu zilidondoka, na baba akanyoa zake tufanane. Huku nyuma mvua zilikataa, na wale mbuzi wote wakafa. Kwa desturi yetu, mbuzi wa kukopeshwa akifa kwa ukame halipwi, na hakuna aliyetudai. Lakini kila familia ina alama yake ya kukata masikio ya mifugo, na mimi pale kitandani nilikuwa nikizichora hewani kwa kidole ili nisisahau ni mbuzi wa nani na nani.

Nilirudi nikitembea. Nikasoma, nikaajiriwa mbali, nikarudi tena na mtaji wangu mwenyewe. Kisha nikaanza kulipa, nyumba baada ya nyumba, kila mbuzi nikimkata sikio kwa alama ya mwenyewe. Eddo Dahabo alikuwa wa mwisho. Siku hizi haoni vizuri. Alilipapasa sikio kwa vidole.

"Alama ni yangu. Umechelewa."

"Nilisoma kwanza, Eddo."

"Najua. Garissa nzima inajua."

Kisha akaniambia habari za Hibaq, binti wa jirani yake, mwenye ugonjwa uleule niliokuwa nao. Mchango wake ulifanyika kwa simu, na pesa zikatoka hata kwa watu wasiowahi kuikanyaga Bura. Yeye hakuchomwa moto. Walimpeleka hospitali moja kwa moja.

"Kesho wanaondoka na baba yake," alisema Eddo. "Wadogo zake wanabaki, na simu haikamuliwi. Mpeleke mbuzi huyu kwa mama yake. Mwambie ni wa kukopesha."

Nikampeleka. Hibaq alikuwa amelala mlangoni, kitambaa chenye damu puani. Nilikuwa nimejiandaa kumweleza habari za stashahada, lakini yeye akauliza mbuzi anaitwa nani. Nikamwambia hana jina, ampe yeye. Akampa, kisha akamfundisha mama yake kulitamka.

Ndivyo nilivyomaliza kuwalipa wote walionikopesha. Jioni hiyo zizi la Eddo lilikuwa tupu, kama siku ile tuliyoondoka.