Koti la Shemeji

Tunamwita Mama Vumbi, na jina hilo alilipata kwa haki. Mkabidhi chumba kipya chenye rangi mbichi ukutani, atakurudishia chumba ambacho watu wamezaliana na kuzeeka ndani yake. Kuta huzipaka majani ya chai yaliyochemka, ncha za meza huzisugua kwa msasa, kisha hupita na mfuko wake wa vumbi lililochekechwa, akilipuliza pale tu ambapo fagio la mvivu lisingefika. Kazi yake ni kupamba vyumba vya filamu na kuchakaza nguo za waigizaji. Mimi kazi yangu ni kuning'iniza maiki juu ya vichwa vya watu, mikono ikiniuma mpaka shingoni, na kazini naitwa Maiki, kana kwamba mama yangu hakujishughulisha kunipa jina.

Tumegombana miaka mingi, yeye na mimi, juu ya kinachofanya filamu kuwa nzuri. Mimi husema ni sauti. Picha ikiwa na ukungu mtu ataivumilia, lakini sauti ikikwaruza atanyanyuka aende zake. Yeye hucheka kwa dharau. "Ukiona vyaelea vimeundwa, Maiki, na havikuundwa kwa masikio." Kwake filamu ilikuwa jicho tu. Chumba kikisema kweli, mwigizaji hata akiwa gogo ataonekana mtu.

Na kuna jambo moja ambalo kwalo hakuwa na mchezo hata kidogo. Filamu haipigwi kwa mfuatano. Mzee anaingia mlangoni leo, anaketi kitini wiki ijayo, na mtazamaji ataona dakika moja tu imepita. Kwa hiyo koti lililoingia mlangoni lazima ndilo liketi kitini, kifungo kwa kifungo, doa kwa doa. Mama Vumbi hupiga picha kila kitu siku ya kwanza, na baada ya hapo picha hizo ndizo sheria. Nimemwona akimrudisha mwigizaji kutoka chooni kwa sababu ya ukosi uliogeuka.

Filamu ninayoisema ilihusu mzee anayemsubiri binti yake aliyeondoka kwa hasira. Basi. Hakuna bunduki, hakuna anayefukuzwa na gari. Aliyemcheza mzee huyo ni mkongwe ambaye sote humwita Mzee Kimya, maana hupewa kurasa za maneno akaomba yapunguzwe. Mama Vumbi alimshonea koti, akalichakaza kama kawaida yake, akalileta. Mwongozaji, mwanamke mfupi mwenye hasira za karibu, alilizunguka mara moja.

"Koti hili linaigiza," alisema. "Mimi nataka koti lililoishi."

Alileta lingine, likakataliwa vilevile. Siku hiyo Mama Vumbi hakula na sisi. Alikaa peke yake kwenye ngazi, amevimba, halafu akanyanyuka ghafla akaenda kwa dada yake.

Dada huyo ndiye aliyemlea baada ya mama yao kufariki, na mume wa dada, ambaye alikuwa fundi wa kutengeneza cherehani zilizoharibika, ndiye aliyemfundisha kushika msasa. Shemeji alikuwa amekufa mwaka uliotangulia. Koti lake la kazi lilikuwa bado kabatini. Mfuko wa kulia ulikuwa umelegea kwa uzito wa bisibisi, viwiko viking'aa kwa kuegemea meza, na ndani ya mfuko wa kushoto mlibaki pipi za mnanaa, zile alizokuwa akimung'unya ili mkewe asijue kwamba hajaacha tumbaku. Mkewe alijua siku zote.

Dada alilishika koti muda mrefu kabla ya kulitoa.

"Lirudi kama lilivyo," alisema.

"Dada, hiyo ndiyo kazi yangu."

Alisema kweli, kwa jinsi alivyoielewa kweli wakati huo.

Mwongozaji alipoliona koti aliita kamera palepale. Mzee Kimya akalivaa, akaingia mlangoni, na mkono wake ukateremka wenyewe mfukoni kama mtu aliyelivaa maisha yake yote. Ukatoka na pipi ya mnanaa. Hilo halikuwamo kwenye maandishi. Akaitazama. Hakulia, hakutikisa kichwa, hakufanya hata moja ya yale mambo ambayo waigizaji hufanya wakitaka tujue wana huzuni. Aliirudisha mfukoni, akaketi. Kwenye vipokea sauti vyangu nilisikia pumzi za mafundi wa taa, wanaume wazima, zikikatika.

Baadaye Mama Vumbi alimfuata. "Mzee, huwa unafanyaje?"

"Sifanyi kitu, mwanangu. Nafikiria jambo moja la kweli, nanyamaza. Ukianza kutengeneza uso, umekwisha."

Mama Vumbi aliniambia baadaye kwamba aliona hayo ni maringo ya wazee. Kwake yeye koti ndilo lililofanya kazi.

Sasa, taa za filamu ni jiko. Baada ya siku kadhaa jasho la Mzee Kimya lilikuwa limeacha michirizi myeupe ya chumvi kwenye ukosi na mgongoni. Mama Vumbi alilinganisha na picha zake za siku ya kwanza. Kwenye picha hapakuwa na michirizi. Mtu mwingine angejiuliza mambo mengine. Yeye alichukua beseni, akatia sabuni ya unga, akalifua koti kwa mikono yake, taratibu, akiutunza ule mfuko uliolegea usinyooke, akayamwaga maji mtaroni nyuma ya jengo. Alilitundika kwenye kamba likiwa na mikunjo ileile, viwiko vinang'aa vilevile. Nilimpita akiimba.

Kesho yake asubuhi tulikuwa tumekaa karibu na kamba ile tukinywa chai, simu yake ikalia. Simu ya Mama Vumbi ina sauti ya spika za mnadani, na mimi masikio ndiyo kazi yangu, kwa hiyo sikuweza kutosikia hata kama ningetaka.

"Mdogo wangu," alisema dada yake, "nilisahau kukwambia. Mkimaliza kazi mlifungie kwenye begi, lisikae upeponi. Harufu yake isije ikatoka." Sauti yake ikashuka. Ikawa ya mtu anayeona haya. "Unajua mimi kabla ya kulala huwa nafungua kabati, naliinamia kidogo. Usinicheke."

Koti lilikuwa mbele yetu, likidondosha tone la mwisho.

"Sawa, Dada," alisema Mama Vumbi. "Nitalifungia."

Alikata simu, akaenda kulishika ukosi, akalinusa. Lilinuka sabuni ya unga ya kila nyumba. Alisimama pale, uso ndani ya kitambaa, mpaka nikaogopa.

"Mwambie," nilisema. "Dada ni dada. Atalia, atakusamehe."

"Nimwambie nini, Maiki? Kwamba alinipa mumewe nikamfua?"

Mimi bado naamini angemwambia siku ile, yangeisha. Lakini mtu mwenye ufundi mikononi ana balaa lake: akivunja kitu, wazo la kwanza si kuungama, ni kuunda kingine.

Tulipomaliza kupiga filamu alijifungia stoo na koti lile. Alijipaka mafuta ya cherehani viganjani, akaligusa pale tu ambapo mkono wa fundi ungegusa, kwenye mifuko, kwenye kifungo cha juu, kwenye ukingo wa mikono. Alilifungia kwenye sanduku pamoja na majani ya tumbaku, akalitoa, akalinusa, akalirudisha. Alisaga pipi za mnanaa akazipangusia ndani ya mfuko. Alilivaa mwenyewe akafanya usafi wa stoo nzima ili lipate joto la mtu. Kila alipokaribia alikumbuka kitu, shemeji akimshika mkono, "polepole, msasa hauna haraka," akaongeza au akapunguza. Alilia, ndiyo. Lakini kilichomla zaidi, aliniambia, ni kwamba kulikuwa na saa alizoifurahia kazi. Mchana mmoja alilinusa akasema "Ndiyo!" kwa sauti, kama anavyosema chumba kinapokubali, kisha akakaa chini sakafuni kwa aibu.

Aliniomba nimsindikize kulirudisha. Hakutaka kuwa peke yake na dada yake.

Sebule ya dada ilikuwa ndogo, imepangwa vizuri, na cherehani kuukuu dirishani imefunikwa kitambaa. Dada alilitoa koti kwenye begi. Akaangalia mfuko, akaangalia viwiko. Kisha akaliinamia.

Akainua kichwa. "Mbona harufu imekuwa kali kidogo?"

Mama Vumbi alianza kulikunja begi tupu.

"Ni zile taa zenu," dada alijijibu mwenyewe. "Joto limeiamsha." Akaliinamia tena, safari hii kwa uso wote, na mabega yake yakashuka. Watazamaji wako hivyo. Wakitaka kuamini, watakuzibia matundu wenyewe. "Nilikuwa nimeanza kuogopa, mdogo wangu. Ilikuwa inafifia. Kuna siku nilikuwa sipati kitu kabisa. Na sasa umenirudishia." Akamnyooshea koti. "Njoo unuse. Njoo, na wewe alikuwa wako."

Sikuwahi kumwona Mama Vumbi akiogopa kitu. Aliogopa koti. Nilijua kwamba akikataa yamekwisha, na akilia yamekwisha, na akitabasamu yatakuwa mabaya zaidi. Alisogea. Aliweka uso kwenye ukosi ule alioutengeneza mwenyewe, akakaa humo. Uso wake ulipotoka haukuwa umefanya kitu chochote.

"Shemeji," alisema. Neno hilo tu.

Nimening'iniza maiki juu ya waigizaji wa kila namna, na sauti ya uongo naijua hata mtu akinong'ona. Pale sikuisikia. Dada alimkumbatia, koti likiwa katikati yao, akalia kama mtu aliyetua mzigo.

Tulitoka. Barabarani nilimngoja aanze yeye kusema, lakini alitembea tu, viganja vyake vikiwa vimekunjwa, vikinuka mafuta.

"Ulikumbuka ya Mzee Kimya," nilisema mwisho. "Ulifikiria jambo moja la kweli."

Alitikisa kichwa kukubali.

"Jambo gani?"

"Yale maji," alisema. "Nilivyoyamwaga mtaroni huku naimba."