Kisanduku cha Fundi wa Wifi

Kila asubuhi, kabla Bibiane hajageuza andazi la kwanza, jirani yake fundi wa wifi huwa ameshafuta vumbi kwenye kisanduku chake cheusi kwa pindo la shati. Humo mna nyimbo za kwaya za Bunia nzima na vijiji vya pembeni. Ukikaa kwenye benchi lake, unazisikiliza kwa simu yako mpaka uchoke. Ukivuka barabara, simu inanyamaza. Kunakili hakuna. Wajanja wa mtaa wa Bigo wamejaribu wakashindwa, naye huwatazama tu, akicheka puani, vidole vyake virefu vikigonga kisanduku mara tatu. "Wimbo iko na mwenyewe. Umuombe ye."

Leo alikuja mama mmoja kutoka kambi ya waliokimbia vita. Kwao Djugu kumetulia, wanasema, lakini nani amerudi? Mama yake mzazi, aliyebaki kambini kwa kuwa miguu imemkataa, alitaka kusikia tena wimbo alioimba na kwaya ya kijiji chao kabla hawajakimbia.

"Unitilie yo mu telefone, papa."

"Haiwezekani, mama. Kwaya ilikatala itoke mu kisanduku."

"Uko na roho ya majiwe, weye!" Bibiane akafoka, mwiko juu.

Fundi akagonga kisanduku mara tatu, akachomoa waya, akaipakata betri inayokiwasha, kisha akamnyooshea Bibiane mkono.

"Uniazime kitenge."

Akakifunga kisanduku mgongoni kama mtoto.

"Twende, mama. Ni wimbo ilikatazwa kutoka mu kisanduku. Kisanduku yenyewe haikukatazwa kutembea."