Fiacre Alipoanguka Kabla ya Zamu Yake

Katika bendi ile kulikuwa na kanuni moja isiyojadiliwa: mpiga besi hanyamazi mpaka mwimbaji ainue mkono. Cirhuza, mzaliwa wa Bukavu na mfanyakazi wa ghala kule Minto, aliishika kwa miaka mitatu bila kukosea hata mara moja.

Mwimbaji alikuwa Jasper Quill, Mzungu wa miaka sabini ambaye bado alijaza kumbi kwa nyimbo za roki za ujana wake, akivaa manyoya na viatu vya soli ndefu, uso ameupaka rangi ya fedha. Watu walinunua tiketi kumwona yeye. Waliompigia vyombo nyuma yake walipakwa rangi hiyohiyo ili wasitofautishwe: Mutua, Mkenya, kwenye ngoma, Fiacre, Mrundi, kwenye gitaa, na Cirhuza kwenye besi.

Wimbo wa mwisho ulikuwa na mchezo wake. Wanamuziki walijifanya kufa mmoja mmoja. Kwanza Mutua aliacha ngoma na kulala sakafuni, kisha Fiacre, na besi ikabaki peke yake na sauti ya mwimbaji. Mkono ukiinuka, wote walifufuka na ukumbi ukajaa makofi. Mimi ninayesimulia sikuupenda mchezo huo hata kabla ya yaliyotokea. Kifo si kitu cha kuchezea.

Jumapili moja alasiri, saa ambayo walipaswa kuwa ibadani, walikuwa kwenye klabu moja ya Liverpool, kitongoji kisicho mbali na Minto. Wakipakana rangi, Fiacre alijishika kifua.

"Grand," alimwambia Cirhuza, akimwita kaka mkubwa, "kifua kinanibana tangu asubuhi."

"Ni hiyo suruali," Cirhuza akamjibu. "Umeiazima kwa Ineza?"

Ineza ni binti yake Fiacre, wa miaka tisa. Mutua alicheka mpaka akamwaga rangi. Fiacre naye akacheka. "Nyamaza wewe, unang'aa kama sufuria ya bibi harusi!"

Katika wimbo wa mwisho, Fiacre alianguka wa kwanza. Mutua alikuwa ameinamia ngoma zake, hakuona. Cirhuza aliona. Aliona pia gitaa likigonga sakafu, na Fiacre alikuwa mtu wa kulilaza gitaa lake kama mtoto mchanga. Akakasirika: huyu anatuharibia onyesho. Akaendelea. Mutua akalala kwa zamu yake. Watazamaji walishangilia, mwimbaji akarudia ubeti, akarudia tena. Mkono ulipoinuka zilikuwa zimepita dakika sita. Mutua alisimama. Fiacre hakusimama, na ambulensi ilipofika moyo wake ulikuwa umekwisha kuzima.

Kwenye matanga Cirhuza aliungana na wenzake kusema kwamba hakuna aliyejua kuwa ameanguka kweli. Verdiane, mjane, alilishika neno hilo, likampa usingizi. Cirhuza likamnyima. Ghalani, boksi likianguka, vidole vyake vya kushoto vilibonyeza nyuzi zisizokuwepo. Kanisani, mtu akipiga magoti ghafla, alihesabu mapigo moyoni akingoja ainuke. Kwenye kioo cha treni aliona uso wa fedha kando ya wake, macho yamefumbwa.

Wapo waliomshauri anyamaze, kwa kuwa mjane ametulia. Ulikuwa ushauri mbaya. Mke ana haki ya kujua mumewe alikufaje, hata kama ataumia. Mwezi wa saba baada ya msiba, Cirhuza alikwenda nyumbani kwa Verdiane, Quakers Hill.

"Karibu, shemeji, chai ipo."

"Nisikilize kwanza. Fiacre alianguka kabla ya zamu yake."

Verdiane akaweka birika chini. "Nani alimwona?"

"Mimi."

"Ukafanya nini?"

"Nilipiga mpaka mwisho."

Ineza, ambaye husikia Kiswahili lakini hujibu kwa Kiingereza, aliinua kichwa kutoka kwenye daftari lake akauliza kama ni kweli alimwona baba akianguka. Cirhuza akaitikia kwa kichwa.

"Toka," Verdiane alisema. Hakupaza sauti.

Kanuni ya bendi ilishikwa. Iligharimu dakika sita ambazo huenda zingemwokoa Fiacre, na nyumba moja ambayo Cirhuza haruhusiwi tena kuingia.