Nilichora ramani ya vichomi vya watoto Tabora, nikafunga mlango uliokuwa ukiwaokoa

Wakuu, heshima kwenu. Walionitangulia kuzaliwa, kama bado mmo humu, shikamooni.

Juzi kuna uzi watu walibishana kama mvua ndiyo inayowaletea watoto nimonia. Nilisoma, nikajizuia, nimeshindwa. Nawaeleza yaliyonipata mwenyewe. Siongezi wala sipunguzi, hata pale ninapoonekana mjinga, na ni sehemu kubwa.

Ilikuwa miaka ile ya vijiji vya ujamaa. Nilikuwa kijana, nimetoka chuo kikuu moja kwa moja, nimepangiwa ofisi ya afya Tabora mjini. Mbishi kupindukia. Ukiniambia jua limechomoza, natoka nje kuhakikisha.

Pale ofisini kila mtu alikuwa na jibu la kwa nini watoto wanabanwa vifua. Wauguzi walisema mvua. Wazee walisema upepo wa kiangazi. Mkuu wangu, tuliyemwita Bwana Afya, alisema uchafu. Kwake uchafu ulikuwa chanzo cha kila kitu, hata cha kuchelewa kazini.

Nikauliza: ushahidi uko wapi?

Kila mmoja akarudia jibu lake.

Basi nikaomba daftari za wodi ya watoto, nikatundika ramani ya mji ukutani, nikanunua pini za mafundi cherehani. Kila mtoto wa kichomi pini moja, pale anapokaa. Pembeni nikaandika mwezi.

Majira yalijitokeza yenyewe. Pini zilianza kujaa mvua zikielekea ukingoni, zikaendelea mpaka baridi ya kiangazi. Lakini kilichonishtua ni mahali. Upande wa Itetemia, kwenye mashamba, zilikuwa chache. Karibu na soko, lundo. Na lundo lenyewe lilikaa juu ya nyumba moja.

Nyumba ya Bi. Zuhura.

Alikuwa mjane wa familia ya Kiarabu iliyofanya biashara Tabora tangu enzi za misafara. Ua wake ulizungukwa na vyumba. Zamani walilala humo wapagazi. Wakati wangu walilala wakulima wa tumbaku na warina asali, wake zao na watoto wao. Ukitoka kijijini huna ndugu mjini, unafikia kwa Bi. Zuhura.

Nilimpelekea Bwana Afya ramani nikiwa nimetanua kifua. Akanipiga bega. "Kijana, umekamata mwizi!"

Kesho yake barua ikaenda kwa balozi wa nyumba kumi. Bi. Zuhura marufuku kulaza mgeni mwenye mtoto, mpaka nyumba ikaguliwe.

Mwenyewe alinijia ofisini, buibui limefungwa kiunoni.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, baba. Wewe ndiye uliyeandika kwamba ua wangu unatengeneza vichomi?"

"Si mimi, mama. Ni takwimu."

"Na hizo takwimu zimewahi kulala kwangu hata siku moja?"

Ofisi nzima ikacheka. Nami nikacheka, kwa adabu, nikarudi kwenye pini zangu.

Baada ya wiki mbili wagonjwa wakapungua. Walipungua kwelikweli. Bwana Afya akaanza kunitaja kwenye mikutano. Nami niliyekuwa nahoji kila kitu, hilo sikulihoji. Lilikuwa tamu mno.

Aliyenizindua ni karani wa mapokezi pale hospitali, mama wa Nzega asiyemeza neno. Nilimtambia: "Unaona? Watoto wanapona."

"Wanapona, au hawaji?" akasema. "Jumatatu Kalunde wa barabara ya Sikonge alimleta Shija wake, kifua kimebana. Akafika mlangoni kwa Bi. Zuhura, balozi akamrudisha. Sindano ni za siku kadhaa, na wodini mama hana pa kulala; akalale wapi? Kapanda lori la tumbaku, karudi kwao. Bi. Zuhura kanieleza huku analia."

"Lakini Kalunde anakaa sokoni. Daftari la mwaka jana linasema hivyo."

Alinitazama kama unavyomtazama mtu aliyevaa shati nje ndani.

"Mwanangu, anakaa kijijini. Tunaandika nyumba ya mwenyeji. Mtoto akizidiwa usiku wodini, nimtume nani mpaka Sikonge? Anayeitwa ni mwenyeji. Hatujawahi kuandika vingine."

Nilirudi ofisini kuitazama upya ramani.

Ramani yangu haikuonyesha watoto waliugulia wapi. Ilionyesha nani aliwapokea.

Sikuomba ruhusa. Niliomba nafasi kwenye lori la kwanza lililokwenda upande wa Sikonge.

Kijiji cha kina Kalunde kilikuwa kipya, nyumba zimenyooshwa mstari, na nyuma yake mabani, vile vibanda vya udongo vya kukaushia tumbaku kwa moto. Kwa wasiojua: moto wa bani hauachwi. Ukizima au ukizidi, majani yameharibika na jasho la mwaka limekwenda. Kwa hiyo msimu wa kukausha, mvua zikielekea ukingoni, mama anahamia bani na mwanawe. Wanakula pale, wanalala pale, ndani ya moshi.

Kalunde nilimkuta anasukuma gogo tanurini, Shija mgongoni. Nilimsikia mtoto kabla sijamwona. Kila akivuta pumzi, ngozi ilizama chini ya mbavu.

"Mama, kwa nini usimweke mbali na moshi?" Ndiyo, niliuliza hivyo.

"Na moto nimwachie nani? Wewe?" Akafuta jasho. "Nilimpeleka mjini. Wakasema nyumba ile ina ugonjwa."

"Nani alisema?"

"Serikali."

Wakuu, serikali ilikuwa mimi.

Nilimwambia palepale. Hakunigombeza, na afadhali angenigombeza. Alimwita jirani ashike moto, akakaza mbeleko, tukarudi na lori lilelile. Wodi ilimpokea Shija jua bado liko juu.

Asubuhi nilimkabili Bwana Afya.

"Ukisema umekosea," akasema, "nitaonekana nimekosea mimi."

"Ndiyo, mzee."

Nikaanza kung'oa pini za sokoni mbele yake, nazipeleka kwenye vijiji walikotoka wagonjwa. Karani alinitajia kimoja kimoja, kwa kuwajua. Ramani haikutosha. Pini nyingi ziliishia nje ya karatasi, kwenye ukuta mtupu. Bwana Afya aliutazama ukuta ule, akaomba kalamu, akafuta amri yake. Kwa hilo namheshimu.

Bi. Zuhura alikuwa ameanza kutandika mikeka kabla sijamaliza kuomba radhi.

Shija alipona. Waliorudishwa mlangoni zile wiki mbili nilijaribu kuwatafuta. Wawili nilipata habari zao, na hazikuwa njema. Wengine hawakuandikwa popote, kwa sababu hawakufika. Hao mpaka leo sijui hata majina.

Nilichojifunza: mvua ina sehemu yake, baridi ina sehemu yake, na moshi una yake. Ila ukiambiwa wagonjwa wamepungua, usipige makofi kwanza. Uliza ni nani ameacha kuja, na ni nani aliyemzuia.

Mliokulia kwenye mabani, mama zenu waliwaweka wapi msimu wa kukausha? Na kifua kilipobana, mlifikia kwa nani mjini? Mtajeni hapa chini, hata kama ameshatangulia mbele za haki. Watu kama hao daftari haziwaandiki kwa wema wao.