Ganda la Tano la Mzee Adolfu

Baba yangu, mzee Adolfu, hakumwogopa nguruwe pori. Alichoogopa ni kaunta ya polisi pale Sumbawanga, na mimi simcheki, maana nimewahi kusimama mbele ya kaunta hiyo.

Mwaka wa sabini na sita kijiji chetu cha ujamaa, upande wa Mollo, kilikuwa na shotigani moja tu yenye kibali, yake. Alipewa risasi tano za kulinda mahindi ya kijiji, kwa sharti kwamba kila risasi atakayopiga arudishe ganda lake polisi kabla mwezi haujaisha. Likipungua ganda, basi umewauzia majangili risasi. Likizidi, una risasi za magendo. Habari za nguruwe hakuna aliyeziuliza.

Alfajiri moja ya Februari alipiga ile ya tano. Alipofungua bunduki, ganda likaangukia kwenye nyasi za shamba la pembeni, naye akakimbilia bondeni kumfuata nguruwe aliyejeruhiwa. Aliporudi saa sita mchana, akina mama wa kijiji walikuwa wamekwishalima pale. Sisi Wafipa hatuchomi nyasi, tunazilundika na kuzifunika udongo zioze. Vilima hivyo tunaviita ntumba, na vilikuwa vimesimama arobaini na kimoja. Baba akakaa chini: ganda lilikuwa ndani ya kimojawapo.

Jumapili, watu wakiwa Misa, yeye na mama yangu Dominika wakaanza kubomoa. Kubomoa ntumba za kijiji ilikuwa hujuma, nayo ina kesi yake. Kwa hofu baba alijikata kidole cha mguu kwa jembe. Walipofika ya kumi na tisa, wakamkuta Wilibrodi, mwenyekiti wa kijiji, amesimama nyuma yao.

"Mzee Adolfu, mnafukua nini siku ya Bwana?"

"Panya," mama akajibu upesi.

Mwenyekiti alipenda sana panya. Akaketi kusubiri fungu lake.

Ikabidi waendelee kuchimba panya wasiokuwepo. Mama akaliona ganda, akalifunga kwenye pindo la kanga. Muda mfupi baadaye jembe la baba likagonga ganda jingine, la zamani, la nani hatujui hadi leo. Akalikanyaga kwa unyayo mtupu, jasho likimtoka, mpaka mwenyekiti alipochoka akaondoka, akiwaamuru wazijenge upya ntumba zote.

Ganda la sita alilitupa chooni. Kesho yake alitaka kukichimba choo alitoe, asije akalikuta mtu. Mama akamnyang'anya jembe.

Kwenye kaunta ya polisi alikuwepo koplo Nsajigwa, mtu wa Mbeya. Akayahesabu maganda mara mbili, baba akihesabu naye moyoni, shati limemgandia mgongoni.

"Sawa, mzee. Umetumia tano, chukua tano."

Wiki ileile nguruwe wakarudi, jike na watoto wanane. Baba alisimama katikati ya mahindi, shotigani begani, risasi zote tano mfukoni, akapiga debe tupu kuwafukuza. Walikula hadi jua likapanda, naye bado anapiga debe.