Mkono Usiofika Sikioni

Nyinyi vijana mtakaosoma haya, mnamwona shangazi yenu akisahihisha madaftari ya wanafunzi kwa mkono wa kushoto, mnadhani alipokelewa shuleni kwa vigelegele. Alikataliwa mara tatu kabla ya jina lake kuandikwa, na sababu ni sikio.

Miaka ya themanini, huku kwetu Bumula, mtoto wa kuanza darasa la kwanza hakuulizwa cheti cha kuzaliwa, maana wengi hatukuwa nacho. Alisimama mbele ya mwalimu, akapitisha mkono wa kulia juu ya kichwa ashike sikio la kushoto. Mkono ukifika, umri umefika. Usipofika, rudi nyumbani ukanywe uji.

Sasa, mkono wa kulia wa binti yangu, huyo shangazi yenu, uliuawa na polio angali mchanga. Ulining'inia tu. Mwaka wa kwanza mwalimu mkuu akasema bado ni mdogo, na mtoto alikuwa ameshaanza kung'oka meno. Nikaomba ajaribu kwa kushoto. Akasema sheria ni kulia. Mwaka wa pili, hivyo hivyo. Baba yake, aliyefanya kazi kwenye shamba la mahindi kule Kitale, alikuja mwisho wa mwezi akaniambia niache kusumbua walimu, msichana atanisaidia jikoni. Nikanyamaza. Hilo sijajisamehe.

Siku moja nikamkuta mtoto nyuma ya jikoni na dada yake. Amekaa chini, amefumba macho, dada mtu anauvuta ule mkono juu ya kichwa kwa nguvu zake zote. Bega limevimba.

"Vuta tu," mtoto alikuwa anamwambia dada yake. "Umekaribia."

Mwaka wa tatu nikampeleka pamoja na mdogo wake wa kiume. Mdogo akashika sikio, akaandikwa. Yeye akaambiwa asimame kando. Nikamwuliza mwalimu, ni sikio litasoma ama ni mtoto? Wazazi kwenye foleni wakacheka, naye akacheka.

"Mama," akasema, "hawa wako na shule zao. Hapa sisi tunafundisha watoto wazima."

Nikamwuliza hizo shule ziko wapi. Ati hajui, labda mjini. Mtu anakufukuzia mtoto, na mahali anapomfukuzia hapajui.

Nyumbani nikamkuta mume wangu, amekuja likizo. Akasema tushukuru Mungu, angalau kijana amechukuliwa. Angalau. Nikaanua sare za watoto kwenye kamba, zingine bado mbichi, nikazitia zote ndani ya sanduku, nikalikalia. Kisha nikawaita, wakubwa kwa wadogo, baba yao akisikia.

"Kesho hakuna mtoto wa nyumba hii anaenda shule. Wala kesho kutwa. Mwalimu akituma mtu kuuliza, mwambieni mama amesema tutaenda wote siku huyu ataandikwa."